Siku Mfumo Ulipomenya Vitunguu

Nchi ninayoisimulia si yetu. Tuelewane mapema, maana kuna watu wakisikia habari ya ofisi yoyote wanaanza kutazamana. Yetu haina mambo haya. Hiyo iko mbali, nyuma ya milima ambayo kwenye ramani haimo, nami nilifika huko kwa njia nisiyoikumbuka vizuri kwa kuwa nilikuwa nimelala ndani ya basi.

Basi bwana, serikali ya nchi hiyo ilipenda maendeleo kuliko mtu anavyopenda usingizi wa asubuhi ya mvua. Wakubwa wake walikwenda safari ya nje, wakarudi wanahema. Wameona nchi ambayo ofisini hakuna karatasi hata moja, watu wanabonyeza tu. Wakataka na kwao wabonyeze. Ikaundwa Mamlaka ya Taifa ya Mifumo, Mitandao na Mambo Mengine ya Kubonyeza, ikajengewa ghorofa refu la vioo. Vioo vyenyewe vilikuwa vinene, vya hali ya juu, hata simu humo ndani zikawa hazishiki mawimbi. Mfanyakazi akitaka kutuma ujumbe wa kiofisi anashuka chini, anavuka barabara, anasimama karibu na mwuza mihogo na kunyoosha mkono juu. Ukipita hapo asubuhi unawakuta wataalamu wote wa taifa wamezunguka karai la mihogo, mikono juu, utadhani wametekwa.

Mkuu wao aliitwa Dakta Injinia Lukolongo. Alikuwa na shahada za kutosha kuezekea banda. Mtu huyo hakuwahi kusema "sijui". Alisema, "Suala hilo liko kwenye mchakato." Mkewe alimwuliza chumvi iko wapi, akajibiwa iko kwenye mchakato.

Kazi ya kwanza ya Mamlaka ilikuwa kuondoa karatasi. Majalada yote ya serikali yakatolewa kwa magunia, yakaenda kwa wauza karanga na maandazi. Kwa muda mrefu nchi ile ilikula huku ikisoma. Unanunua andazi, limefungwa kwa talaka ya jirani yako. Mimi mwenyewe nilipewa karanga ndani ya hati ya kiwanja cha mkuu wa wilaya, nikazila nikiangalia nyuma.

Kazi ya pili ilikuwa uzinduzi.

Katika nchi ile hakuna kitu kinachoanza bila kuzinduliwa, na hakuna kinachozinduliwa bila kukatwa utepe. Kisima kinakatwa utepe. Choo cha shule kinakatwa utepe, na watoto wanaruka-ruka nje wakisubiri hotuba iishe. Nilimwona kwa macho yangu beberu wa mradi amefungwa utepe shingoni, anamsubiri mgeni rasmi juani. Mgeni rasmi alipofika, beberu alikuwa ameshautafuna utepe. Akafungwa mwingine, safari hii akashikwa mdomo.

Sasa mfumo wa kompyuta utaufunga utepe wapi? Mkuu wa itifaki alihangaika na swali hilo mpaka akakonda.

"Mfumo wenyewe uko wapi?" alimwuliza fundi.

"Mzee, mfumo hauna mahali. Uko kila mahali."

"Kila mahali siwezi kufunga utepe. Nionyeshe sehemu moja."

Fundi akakuna kichwa, akaonyesha waya mnene mweusi uliotoka ukutani. "Labda huu. Kila kitu cha nchi nzima kinapita humu."

"Ungesema mapema!"

Waya ukavikwa utepe wa rangi za bendera kuanzia ukutani hadi sakafuni, ukapendeza kama bibi harusi. Siku ya siku Waziri akaja, bendi ikapiga, Dakta Injinia mwenyewe akapiga goti ameshika mto wa mahameli wenye mkasi. Waziri akakata. Mkasi ukagoma. Akakaza, akatoka jasho, bendi ikarudia wimbo. Mlinzi wake, kijana hodari, akakimbia akaleta mkasi wa fundi bati. Kach!

Kwenye kabati la mitambo taa ndogo za kijani zikazimika zote kwa pamoja. Watu wakapiga makofi.

"Kuanzia dakika hii," alitangaza Waziri, "nchi yetu imeunganishwa!"

Nani angemwambia? Fundi alifungua mdomo, mkuu wa itifaki akamkanyaga mguu, na wiki iliyofuata fundi akahamishiwa kituo kisicho na umeme. Dakta Injinia hakuona kitu, kwa sababu wakati ule alikuwa anaitazama kamera. Baadaye wasaidizi wake walimwambia kila kitu kinakwenda vizuri, naye alikuwa mtu anayewaamini sana watu aliowapandisha cheo mwenyewe. Wananchi waliokwenda ofisini waliambiwa kauli moja tu, kauli ambayo sijaisikia mahali pengine popote duniani: "Mtandao unasumbua kidogo." Ikatoka na kanuni kabisa, kwamba ni kosa kusema mfumo umekufa. Unaruhusiwa kusema unapumzika. Ukiwa na elimu, sema unatafakari.

Mambo yangebaki hivyo, watu wangezoea kama walivyozoea mengine, lau si harusi ya Tunu.

Tunu alikuwa binti wa Wamasika, watu wa bondeni, kule mvua inakonyesha mpaka vyura wanaomba radhi. Aliposwa na Hemedi, kijana mpole mwenye mikono ya kazi, aliyepata mkataba wa miaka mitatu kwenye mashamba ya chumvi ng'ambo ya mpaka. Kule unaruhusiwa kwenda na mke, lakini mke anayejulikana na mfumo. Na Kanuni za Ndoa Mtandao zilisema wazi: ndoa si ndoa mpaka mashine ya Mamlaka iwashe taa ya kijani na kutamka "Hongera". Kabla ya hapo hao ni watu wawili waliovaa vizuri. Wakithubutu kulala nyumba moja, wanahesabika wanaishi nje ya mfumo, na jirani mwema anatakiwa kuwaripoti. Kwa njia ya mtandao.

Harusi ilishaahirishwa mara mbili kwa kuwa mtandao ulikuwa unasumbua kidogo. Pilau lilipikwa mara zote mbili, na wageni, kwa moyo wa kizalendo, walilila mara zote mbili. Mara ya tatu tulirudi wote bila kukosa mtu. Sasa hapo hapakuwa tena na kuahirisha. Lori la kwenda kwenye chumvi lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Ama mashine iseme Hongera leo, ama Tunu amsubiri Hemedi miaka mitatu.

Na kwa bahati, au tuseme kwa mchakato, Mamlaka iliichagua harusi hiyohiyo iwe ya kuonyeshwa kwenye televisheni kama ndoa ya mfano. Mgeni rasmi akawa Dakta Injinia Lukolongo mwenyewe.

Alikuja na magari, polisi na viti vyake. Nyuma yake alikuwa dada mmoja, Rozina, mwenye kizibao cha Mamlaka, amebeba mashine yenye ukubwa wa tofali. Maalim Burhani alishawauliza maharusi kama wanatakana, wakajibu ndiyo, kama walivyojibu mara mbili zilizopita. Akakaa pembeni na tasbihi yake kusubiri tofali.

Dakta Injinia akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Ndoa ni nini? Ndoa ni ubadilishanaji wa taarifa kati ya vituo viwili. Zamani watu walioana kiholela, kwa kupendana. Leo tunasema basi! Leo tunaoana kwa viwango!"

"Na watoto?" ikauliza sauti ya kike kutoka jikoni.

"Suala la watoto liko kwenye mchakato."

"Kumbe unajua!" Watu wakacheka mpaka ukili wa jamvi ukaachia.

Rozina akaweka mashine mezani, akaandika majina, akabonyeza. Kwenye kioo kikatokea kiduara, kikaanza kuzunguka. Tukakitazama. Kikazunguka. Mzee mmoja akasema kinacheza ngoma, kitunzwe. Maalim Burhani akasinzia. Rozina alikuwa anakitazama kile kiduara kama mtu anayetazama nyumba ikiungua na anajua nani kaacha moto.

"Ndugu zangu," akasema Dakta Injinia, anafunga vifungo vya koti, "mtandao unasumbua kidogo. Mamlaka inaelekeza shughuli iahirishwe mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Pilau, kwa maoni yangu, linaweza kuendelea."

Hemedi akavua kofia yake, akaishika mikononi, akawa anaizungusha kama kile kiduara.

"Shangazi," alisema Tunu kwa sauti ndogo, "lori ni kesho."

Hapo ndipo akatoka Bi Sikitu. Huyu ni dada wa baba yake Tunu, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyekuwa mkuu wa jikoni. Mwanamke mpana, mwiko begani kama bunduki. Wapambe wakamwachia njia.

"Baba, karibu sana. Tusamehe, tumekukalisha bila kukujua. Wewe ni Lukolongo wa wapi?"

Mkubwa gani hapendi kuulizwa asili yake mbele ya kamera? Dakta Injinia akatoa tabasamu la mwaka mzima.

"Mimi, Mama? Mimi Mkiangazi halisi. Kwa baba na kwa mama. Nimezaliwa kwenye vumbi, nimekulia kwenye vumbi!"

Vikalipuka vigelegele ambavyo nadhani mpaka leo vingine bado viko hewani.

Nieleze, maana wewe hukuwepo. Wamasika na Wakiangazi ni watani tangu babu wa mababu. Walipigana zamani, wakachoka, wakaapishana kwamba kuanzia siku hiyo watauana kwa maneno tu. Mmasika akimkuta Mkiangazi kwenye harusi au msiba wake, anaruhusiwa kumteka. Anamvua viatu, anampa kazi, anamsema mpaka babu yake, wala hamwachii mpaka ajikomboe kwa kile atakachotajiwa. Na aliyetekwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika tu, kabila lake lote linaimbwa kwenye ngoma za mavuno vizazi na vizazi. Sheria hiyo haijawahi kupelekwa bungeni, ndiyo maana inafanya kazi.

"Njoo huku, mtani!" Bi Sikitu alishamshika mkono. "Nilikuwa najiuliza hili vumbi limeingiaje kwenye pilau langu!"

"Mama, mimi ni mgeni rasmi!"

"Mgeni rasmi ni kwenye kiti. Jikoni wewe ni Mkiangazi."

"Sajenti!" aliita Dakta Injinia. "Sajenti, nisaidie!"

Sajenti wa msafara akapiga saluti. "Mheshimiwa, na mimi ni Mmasika. Naomba ruhusa nikushike miguu, naona shangazi ameelemewa."

Akabebwa. Akakalishwa kwenye kibao cha mbuzi, akavuliwa viatu na koti, akawekewa kisu na sinia la vitunguu. Akina mama wakamzunguka.

"Jamani mpeni maji anawe, huyu hajawahi kuyaona!"

"Taratibu, msije mkamlowesha akaota!"

"Kwao wakisikia radi wanapiga simu polisi!"

Naye, nimsifu, hakukasirika. Alijaribu hata kujibu, akasema Wamasika wana ukungu mgongoni, akashangiliwa. Lakini macho yake yalikuwa yanamtafuta msaidizi wake, na msaidizi wake alikuwa amekaa na sisi, tayari anakula.

"Sasa mtani," Bi Sikitu akasema, "sitaki kuku wako, sitaki mbuzi. Nataka taa ya kijani."

Dakta Injinia akapiga simu makao makuu. Tukasikia sauti nyororo: "Umepiga simu Mamlaka. Kwa kuwa mtandao unasumbua kidogo, tafadhali wasilisha tatizo lako kwa njia ya mtandao." Akapiga tena. Sauti ikamshukuru kwa uvumilivu.

"Rozina," alisema, machozi ya vitunguu yanamtiririka, "mfumo una nini?"

Rozina akamtazama yule bwana mkubwa aliyekaa peku. Nadhani alipoona vidole vya miguu yake ndipo hofu ikamtoka.

"Mheshimiwa, waya ulikatwa."

"Nani kaukata?"

"Mheshimiwa Waziri. Wewe ulimshikia mto."

Kisu kikasimama katikati ya kitunguu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliandika taarifa, Mheshimiwa. Tukaituma kwenye mfumo."

Hata Bi Sikitu hakucheka hapo. Yule bwana akamenya kitunguu kimoja polepole, akamenya kingine. Ukiunganisha waya, lazima useme ulikatwa. Ukisema ulikatwa, utaulizwa na nani. Aliigeuza habari hiyo akilini tukamwona anavyoigeuza, na kila upande aliogeuza alimkuta Waziri.

Tunu akaja na gauni lake la harusi, akalikunja upande, akakaa chini, akachukua kisu cha pili. Wakawa wanamenya pamoja.

"Mtani," alisema, "wewe mkeo yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Mliozwa na mashine?"

"Aa, sisi zamani. Ilikuwa uani kwa mjomba wangu. Hata spika hazikuwepo."

"Mjomba wako alisema nini?"

Dakta Injinia akafikiri. Uso wake ukabadilika kidogo, ukawa uso wa mtu aliyewahi kuwa kijana. "Alisema, 'Hongera. Mchukue mkeo, mvua inakuja.'"

"Ikatosha?"

"Mpaka leo mke wangu ananiuliza chumvi iko wapi."

"Basi," Bi Sikitu akadaka, "hiyo mashine nani aliipa kazi ya kusema Hongera?"

"Mimi. Kwa kanuni. Kifungu cha..."

"Achana na kifungu. Ukiipa kazi wewe, na kazi imeishinda, si uifanye mwenyewe? Wewe ndiwe mfumo, mtani. Lete mdomo."

"Kisheria inatakiwa taa ya kijani, Mama."

Bi Sikitu akaifungua kanga aliyojifunga kiunoni, ya kijani kama majani ya mpunga, akamzungushia kichwani.

Dakta Injinia Lukolongo akasimama, peku, kanga kichwani, anabubujika machozi. Alisema ni vitunguu. Hemedi akasogea, akamshika Tunu mkono. Maalim Burhani akaamka, akatikisa kichwa kuafiki. Kamera zilikuwa bado zinachukua, maana mpiga picha alikuwa Mkiangazi na alitaka ushahidi wa kupeleka kwao.

"Mfumo," alisema kwa sauti ya rasmi, "umepokea. Mfumo... umeridhia. Hongera. Mchukue mkeo, lori linakuja."

Sitaeleza kelele zilizofuata. Nitasema tu kwamba pilau la mara ya tatu ndilo lililokuwa tamu kuliko yote, na lilikuwa na vitunguu vingi sana.

Kesho yake mpakani, ofisa akawauliza maharusi nani kathibitisha ndoa yao. Wakampa namba. Ofisa akapiga, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake mfumo ukapokea simu mlio wa kwanza tu, mdomo umejaa kiporo: "Hongera! Wapitishe." Lori likapita. Nilisikia baadaye kwamba Tunu alijifungua mtoto kulekule kwenye chumvi, wakamwita Lukolongo, ili Wamasika wapate wa kumtania karibu.

Lakini televisheni ilishaonyesha. Nchi nzima ilimwona Mkurugenzi Mkuu na kanga kichwani. Mamlaka ikakutana haraka, ikaona haiwezi kukanusha, ikatangaza kwamba huo ulikuwa Mfumo Toleo la Pili, wenye uwezo wa kutembea, kuongea na kula. Watu wakamiminika. Wenye kutafuta vyeti vya kuzaliwa, wenye mirathi, wenye viwanja vilivyoliwa na karanga. Dakta Injinia akawa anashinda chini, pale kwa mwuza mihogo, kanga kichwani, anasikiliza mtu na mashahidi wake, anasema, "Mfumo umeridhia." Mambo yaliyokwama miaka yakawa yanaisha kabla muhogo haujaiva. Alikonda, akachangamka, akaacha hata neno "mchakato".

Jambo zuri kama hilo serikali haiwezi kuliacha bila kulizindua.

Ukawekwa mkeka mwekundu mbele ya ghorofa la vioo. Bendi ikaja. Bi Sikitu akaalikwa, akakaa mstari wa mbele na mwiko wake. Mkuu wa itifaki, ambaye sasa alikuwa na uzoefu, hakuuliza tena mfumo uko wapi. Alimsimamisha Dakta Injinia katikati ya mkeka, akamzungushia utepe wa rangi za bendera, ukaanzia kifundo cha mguu ukapanda mpaka shingoni, akaumalizia kwa fundo zuri chini ya kidevu.

Waziri akapanda, ametabasamu. Mlinzi wake, kijana hodari asiyesahau, safari hii hakusubiri kuagizwa. Alikuja moja kwa moja na mkasi wa fundi bati.

"Mtani!" alipiga kelele Bi Sikitu. "Usikasirike!"

Hakukasirika. Aliutazama mkasi, akaitazama ile kamera, akakumbuka waya. Kisha akajivuta, utepe ukafumuka, akaruka ngoma ya bendi, akapita katikati ya wataalamu walioinua mikono, akakata kona kwa mwuza mihogo, kanga ya kijani inapepea nyuma yake kama bendera, na Waziri naye nyuma, na mkasi, na bendi haijaacha kupiga.

Nchi nzima ilisimama kushangilia. Tangu iumbwe, ilikuwa haijawahi kuona mfumo wa serikali ukienda kasi namna ile.